Utepe Wenye Alama za Meno

Kabati la ofisi ya ufadhili lilikuwa wazi, na faili namba kumi na saba halikuwamo.

"Limeibwa, afande," karani alisema, akijipepea kwa bahasha. "Na kamati inakaa saa nne. Binti wa watu bila faili, chuo ndiyo basi tena."

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Ufadhili ule ulikuwa wa watoto wa wanajeshi waliouawa au kujeruhiwa kazini. Inspekta alivaa glavu, akachungulia.

"Kufuli halijavunjwa. Ufunguo unakaa wapi?"

Karani alitazama chungu cha maua. "Pale."

"Nani hajui kwamba unakaa pale?"

Karani akakisogeza chungu nyuma ya mlango.

Majalada yaliyobaki yalikuwa na namba tu, bila majina. Mwizi alikuwa ameyafungua moja moja akitafuta, kisha akayafunga tena tepe zake vizuri. Mwizi mwenye adabu. Inspekta aliinua ncha ya utepe, akaona alama za meno. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyofunga mifuko nyumbani, mkono mmoja ukimshika mtoto begani.

"Mkono wa kulia tu, Inspekta," alisema mtaalamu wa alama za vidole. "Wa kushoto haujagusa kitu."

"Jana nani alibaki humu peke yake?"

"Baba yake huyo huyo binti. Koplo mstaafu, mkono mmoja. Nilikwenda kupiga nakala kidogo tu." Karani alishtuka. "Jamani! Mzazi amwibie mwanawe?"

Nyumbani kwake, Koplo alifungua mlango mwenyewe, mkono wa kushoto wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini.

"Liko jikoni, chini ya sufuria," alisema kabla hajaulizwa.

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Kamati husoma faili kwa sauti, mbele ya mtoto. Na ripoti ya daktari pia. Nilitaka kutoa karatasi hiyo moja, nirudishe. Kumbe zimeshonwa pamoja, nikabeba faili zima."

"Ripoti inasemaje?"

"Jiko la mafuta lililipuka. Nilikuwa mpishi wa kikosi, afande. Mwanangu nilimwambia ni risasi. Alikuwa na miaka minne, anauliza kila siku. Risasi ilikuwa rahisi kueleza." Alifuta uso. "Sasa ameiandika kwenye barua ya maombi. Kurasa mbili! Humo nimeokoa watu sita."

"Sita?"

"Nilianza na mmoja."

"Masharti yanasema kazini, mzee. Hayasemi vitani."

"Najua. Siiogopi kamati. Namwogopa yeye."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, kitana mkononi.

"Jiko, baba?"

Koplo aliinamisha kichwa. "Jiko, mama."

"Ulikuwa unapika nini?"

"Maharage."

"Na kikosi kilikula nini?"

"Biskuti. Walikuja kunitazama hospitali wamenuna."

Binti alicheka, cheko likageuka kilio. Akashika ule mkono wa shati uliokunjwa. "Lakini uliumia vilevile."

"Vilevile."

"Afande, naomba kalamu."

Alilitoa faili chini ya sufuria, akazikata kurasa zote mbili za barua yake kwa mistari. Pembeni akaandika: *Baba yangu alikuwa mpishi wa kikosi.* Akaendelea kuandika, baba akimshikia karatasi isiteleze.

Inspekta alitazama saa. Tatu na robo.

"Gari liko nje," alisema. "Tutawahi."

Koplo alipeleka utepe wa faili mdomoni.

"Lete, baba," binti alisema. "Wewe shika ncha hiyo."