Kibati Namba Mbili

Wilf Thirkell alisikia buti za mtu anayeshuka mnara, ngazi ya chuma ikilia kila hatua, na wakati huo wapanda mnara wake wote wawili walikuwa wamekaa mbele yake wanakunywa chai. Alikoroga sukari yake, akasikiliza mpaka buti ziliposimama kabla ya kufika chini.

"Upepo," alisema Ken Borrill, mume wa binti yake.

"Upepo umeanza lini kuvaa buti?" Desmond Laceby, mpanda mnara mzee, alimjibu, kisha akajuta kusema. Aliinamia mkate wake wa mafuta ya nguruwe, wala hakuutia mdomoni.

Hiyo ilikuwa Jumatatu moja ya mwezi wa kumi, mwaka 1956, kwenye kituo cha redio kilicho juu ya kilima cha Skelby, kikiipa bahari mgongo. Minara ile ilijengwa wakati wa vita ili kuzichungulia ndege za Wajerumani zikiwa bado mbali. Vita vilipokwisha, mtu fulani mwenye kalamu aliona ni hasara kuiangusha, basi ikafungwa waya mpya, ikawekewa mtambo mpya, ikaanza kurusha habari na muziki wa dansi. Watu wa pale si watu wa kutaja mizimu. Ukiwauliza watakwambia hali ya hewa. Nimekaa nao miaka mingi, na nimejifunza kwamba wakianza kuzungumzia hali ya hewa sana, kuna jambo.

Wilf ndiye aliyeuendesha mtambo. Mkewe Connie alifariki Februari, na tangu siku ile mwili wa Wilf ulikuwa umeingia ganzi. Hakulia kaburini. Alirudi kazini kesho yake, viatu vimepigwa rangi. Siku moja alishika birika la moto kwa kiganja kizima, akalibeba mpaka mezani, na Muriel, binti yake, ndiye aliyepiga kelele. Muriel alikuwa na mimba ya miezi saba. Alimwambia baba yake kila Jumapili kwamba mtoto anacheza, na Wilf alijibu kuwa ni vizuri, kwa sauti ile ile aliyotumia kujibu simu za makao makuu.

Alichobaki nacho kilikuwa ni utaratibu. Kila anayepanda mnara huvaa shingoni kibati cha shaba chenye namba yake. Laceby ni moja, Ken ni mbili. Akishuka, anakirudisha kwa Wilf mkononi, Wilf anakitundika ubaoni. Vibati visipotimia, mtambo hauwashwi, maana mtu akiwa kwenye waya umeme mkubwa ukiingia, ameungua. Vikitimia, unawashwa.

Chai ilipokwisha, Ken alitoka kutafuta kamba, na Laceby akasogeza kiti.

"Wewe hukuwepo hapa wakati wa vita," alisema polepole. "Mimi nilikuwepo. Kulikuwa na kijana anaitwa Pell. Alipanda kufunga waya, likaja onyo la ndege, wakubwa wakapiga simu, washa, washa sasa hivi. Vibati havikuwepo enzi hizo. Mimi ndiye niliyekuwa chini ya ngazi, nikasema wote wameshuka."

"Ulidhani wameshuka?"

"Sikuhesabu, Wilf. Niliogopa tu. Umeme ukamuua kule juu." Alijifuta mdomo. "Hajawahi kushuka mpaka leo. Anafika kipandio cha mwisho, anarudi, kwa sababu hakuna aliyempokea. Nilimchongea kibati chake, namba tatu, nikaenda kukifunga kule juu. Hakukigusa. Anataka cha mtu aliye hai."

"Basi nyote mshike vibati vyenu," alisema Wilf, akainuka kuosha kikombe.

Kesho yake ukungu ulipanda kutoka baharini saa nne asubuhi, na saa tano ulikuwa umemeza minara kuanzia kiunoni. Mtambo ulikuwa umezimwa kwa matengenezo. Ilitakiwa urudi hewani saa sita kamili, kwa taarifa ya habari. Laceby alishuka mapema kwa sababu ya magoti, akarudisha kibati namba moja, akatoka kwenda kulegeza kamba za chini. Ken alikuwa bado juu, futi mia tatu na zaidi, akibadilisha kikombe cha kigae cha kushikilia waya, kilichopasuka.

Saa sita kasoro robo mlango ulifunguliwa. Wilf alikuwa ameegemea meza, anatazama saa ya ukutani. Ulikuja unyevu, ukaja mkono, na kibati kikatua kiganjani mwake.

"Nimeshuka."

"Ahsante," alisema Wilf bila kuinua macho. "Chai iko kwenye jiko."

Alisoma namba. Mbili. Alikitundika, ubao ukatimia, akazungusha ufunguo wa kwanza. Taa kubwa za kioo ndani ya mtambo huhitaji dakika tano kupata joto kabla ya umeme mkubwa kuingizwa. Zilianza kuiva, wekundu ukipanda taratibu. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani, Wilf akafikiri ni vumbi kwenye taa. Aliinua mkono kuipeperusha, na ndipo alipoona kiganja chake. Ngozi ilikuwa imeungua, na katikati yake, kinyumenyume, imejichora namba mbili. Hakusikia maumivu yoyote.

Laceby aliingia anakimbia, uso mweupe.

"Wilf, Ken anashuka hafiki! Nimesimama chini ya ngazi, nasikia buti zake, ananiambia nashuka, mzee, nashuka, na zinashuka kweli, na hafiki!"

Wilf alizima taa za mtambo. Kisha akageuka kutazama jikoni, mahali ambapo tangu yule mtu aingie yeye hakuwa ametazama hata mara moja, na pale kando ya jiko alikuwa amesimama mtu aliyevaa koti la jeshi la anga lililolowa, hana nyusi, ameshika kikombe kwa mikono miwili kama mtu aliyeokotwa kwenye theluji, anatetemeka, na mvuke haukutoka kwenye chai bali mabegani mwake.

"Kibati ulichonipa ni cha Ken," Wilf alisema.

"Umekipokea kwa mkono wako," yule mtu alinong'ona. "Umesema ahsante. Hakuna aliyewahi kuniambia ahsante."

"Pell," alisema Laceby. "Pell, ndugu yangu, nisamehe."

Pell hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwa Wilf peke yake. "Miaka kumi na tano, bwana. Kila mchana mnaniwasha. Sasa nimefika chini. Niache nikae hapa jikoni, sitasumbua mtu, nitafagia hata sakafu, huyo wa juu ni kijana bado, atazoea."

Nje, kwenye ukungu, sauti ya Ken ilikuja, ya mtu anayejilazimisha kucheka. "Nashuka! Hii ngazi mmeirefusha au nini?" Na buti zikaendelea, hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa ya chini na hakuna hata moja iliyofika chini, na Wilf alimfikiria Muriel na tumbo lake dirishani, akijua kwamba hilo ni jambo la kumtisha mtu, na moyo wake ukabaki umetulia kama maji ya kisimani.

Alikiondoa kibati ubaoni. Kilitoa moshi vidoleni mwake. Alikwenda mpaka jikoni akakiweka kwenye kiganja cha yule askari.

"Kirudishe juu. Mvike Ken."

"Nionee huruma," alisema Pell.

Wilf aliitafuta huruma. Aliitafuta kwa haki kabisa, kama mtu anayepekua mifuko yote mbele ya ombaomba.

"Sina," alisema. "Panda."

Na Pell, kwa kuwa alikuwa askari aliyezoea kuamriwa, aliweka kikombe mezani, akakaza mkanda wa koti, akatoka. Alipita ubavuni mwa Laceby, mzee akapiga magoti.

Ken aliingia saa sita na dakika mbili, jasho linamtiririka, kibati shingoni.

"Nani kanivisha hiki kule juu?" aliuliza. "Nilidhani nimekidondosha. Mtu kanipitishia kamba kichwani kwenye ukungu, mikono ya baridi, nikadhani ni mzee Laceby." Aliwatazama. "Mbona mko hivyo? Jamani, kuna nini?"

Simu ilikuwa inalia. Wilf aliipokea, makao makuu wakauliza kwa nini Skelby iko kimya, habari zimeanza. Akasema taa zilichelewa. Akapokea kibati namba mbili, akakitundika. Akapasha taa upya, na dakika tano zile akasimama na mkono kwenye swichi kubwa, na hapo kiganja kikaanza kuuma. Maumivu yalianza katikati, yakapanda mpaka begani, yakashuka kifuani, ya moto na ya Februari pamoja, na machozi yakamtoka mbele za watu.

"Washa basi, baba," alisema Ken kwa upole. "Wote tuko chini."

"Wote?" aliuliza Wilf.

Laceby aliziba masikio kwa mikono yake miwili. Makao makuu walikuwa bado kwenye simu. Wilf akawasha.

Sauti ya mtangazaji ikaenda hewani, safi, bila mkwaruzo, ikaingia majumbani mwa watu waliokuwa wanaandaa chakula cha mchana. Pell naye alikuwa akilia juu ya mnara, kwa sauti ambayo hakuna redio iliyoinasa. Wilf aliisikia yote.