Jiwe Bapa Kwenye Maji ya Kobe

"Kobe unamfugia nini, hata kubweka hawezi?" jirani alimuuliza Sindano siku moja.

Sindano alicheka tu. Kazi ya ujasusi dhidi ya magendo ya wanyama haielezwi juu ya ukuta wa jirani.

Leo hakuwa akicheka.

Kobe thelathini, wa ile aina adimu inayojifunga gamba kama kasha, waliokuwa wameokolewa kwa wasafirishaji, walikuwa wameibwa ndani ya ofisi ya kikosi chake mwenyewe. Ndege ya wanunuzi ingeruka saa tisa mchana.

Sasa ilikuwa saa nane na robo.

Redio ya Motorola ikakoroma. "Sindano, uko wapi?" mkuu wake akauliza.

"Nyuma ya duka la vigae. Mlangoni mwa ghala."

"Subiri wenzako."

Hakusubiri. Mlinzi aliona mdomo wa bastola ya Glock, akaweka rungu chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka kuwa ana watoto.

Sindano akaingia ghalani.

Alitarajia kuwakuta kobe wamezongwa selotepu, wamekauka, macho yamevimba. Magendo ndivyo yalivyo.

Alikuta sanduku pana la mbao. Udongo wenye unyevu, kina cha shubiri nzima, na majani makavu ya kujifichia. Taa ya joto upande mmoja tu, ili atakayeona joto ahamie kivulini. Sahani ya maji imezikwa sawa na udongo, na ndani yake jiwe bapa, kobe mchanga asije akazama.

Akachuchumaa, akaligusa lile jiwe.

Jiwe lile huwekwa na mtu mmoja tu. Daktari wa mifugo wa kikosi chao. Kaka yake, tumbo moja.

Kaka akatokea nyuma ya makreti, kopo la minyoo ya kulishia kobe mkononi.

"Mdogo wangu, zima redio hiyo tuongee."

"Kwa hiyo ni wewe, kaka."

"Wengine wangewaua njiani. Mimi nimewatunza."

"Hata mchinjaji humlisha mbuzi wake."

"Mama katuzaa wawili tu. Utanifunga mimi?"

Redio ikauliza, "Kuna mtu humo?"

Sindano akamtazama. Asubuhi ile walisali pamoja. Alipomwomba Mungu amfichulie mwizi, kaka ndiye aliyeitikia amina.

"Yupo mmoja," akajibu. "Zuieni ndege. Njooni na pingu."

"Unamjua?"

"Nilidhani namjua."

Wenzake wakaingia mbio. Kopo lilianguka, minyoo ikatapakaa sakafuni. Pingu zikalia.

"Mama ataambiwa nini?" kaka akauliza.

Sindano aliokota minyoo mmoja mmoja, akawawekea kobe. Akafunika sanduku kwa wavu. Akapangusa udongo vidoleni, akapita mbele ya kaka yake na kutoka.