Namba ya Lori Lililokufa

Kila alasiri Zuena aliosha brashi za baba yake, Mzee Othmani, fundi wa kuandika namba za magari hapo Mlandege, Iringa. Siku hiyo alizisahau brashi mkononi. Lori la buluu lilikuwa limesimama mbele ya kibanda, na jamani, lilikuwa lori kweli. Tairi lake lilimfika begani.

Mjomba wake, Bushiri, alishuka akijipangusa vumbi la safari ndefu. Alikuwa amelinunua Rodesia ya Kaskazini, na kesho yake lori hilo ndilo lingempeleka dada yake Zuena, bibi harusi Jaha, hadi Madibira pamoja na wageni wote.

"Na wewe utakaa mbele, karibu na dereva," Mjomba alisema. Zuena aliruka kwa furaha.

"Lakini kuna kikwazo. Gari likihamia Tanganyika lazima lipate namba ya huku, na bima yake imekomea mpakani Tunduma. Niandikie namba ya lori langu la zamani, lile lililokufa. Bima yake ingali hai. Baba yako akitoka msikitini akute tayari."

Zuena alichovya brashi, akaandika herufi ya kwanza. Ilitoka nzuri ajabu. Kisha akainua macho pale juu ambapo wageni wangeketi.

"Mjomba, tukipinduka, hiyo bima itamlipa nani? Lori lake si limekufa?"

"Mtoto una maneno wewe. Andika."

Zuena aliogopa. Aliiona harusi ikiahirishwa na dada yake akilia kwa sababu yake. Hata hivyo aliweka brashi chini.

"Siwezi, Mjomba."

Mzee Othmani aliporudi, alisikiliza yote, kisha akaifuta ile herufi kwa kitambaa. "Shemeji, kawia ufike. Kesho tulipeleke likakaguliwe, ndipo lipate bima na namba yake."

Asubuhi mkaguzi wa serikali aliingia chini ya lori na nyundo yake ndogo, akagonga huku na huku. Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mmetoka nalo Tunduma? Mpira wa breki umeoza. Sijui mlifikaje."

Bushiri aliketi chini palepale. "Ningewaua wote," alisema kwa sauti ndogo.

Harusi ilichelewa, na mashangazi walinung'unika weee, mpaka wakachoka. Lori lilitengenezwa, likapata bima na namba yake halali, na aliyeiandika ni Zuena. Siku ya safari, Mlandege nzima ilitoka kustaajabia ukubwa wake. Zuena yeye alistaajabia karatasi ya bima kwenye kioo, ndogo kama kiganja chake.

"Baba, kumbe kikaratasi hiki kinaweza kusimamisha lori zima?"

"Kinaweza, mwanangu. Ungeandika ule uongo, pengine askari wangedanganyika," Mzee Othmani alisema. "Breki isingedanganyika."

Kisha akamwinua, akamkalisha mbele, kando ya bibi harusi.