Shimo la Upenuni

Kombe alikutwa amelala chali ndani ya shimo la choo alilokuwa akilichimba mwenyewe, nyuma ya nyumba aliyoinunua juzijuzi tu huko Msambweni. Macho yalikuwa wazi. Ilikuwa nyumba ya mawe, bati jipya, upenu mpana wa kuanikia nguo. Nyumba yake ya kwanza maishani, na maskini hakuikalia hata akazoea milango yake.

Inspekta Tsofa aliteremka shimoni kwa ngazi. Alikuwa mtu wa Taru, mrefu, mzito wa maneno, asiyependa makaburi wala chochote kinachofanana nayo. Fuvu la marehemu lilikuwa limepasuka kisogoni, pale lilipogonga jiwe. Ngumi ya kulia ilikuwa imekaza. Tsofa aliifumbua kidole kwa kidole, akakuta kipande cha leso kuukuu ya kujitanda, rangi zimepauka.

"Alisukumwa," alimwambia konstebo aliyekuwa juu. "Akajaribu kumshika aliyemsukuma. Tia hiki kwenye mfuko wa vielelezo."

Alipopanda aliona jambo lililomsumbua zaidi. Mvua haikuwa imenyesha kwa muda mrefu, lakini ukingo wa shimo, upande wa upenuni, ulikuwa umelowa. Pembeni pake palikuwa na kifuu chenye majivu ya ubani.

"Ndiye huyo aliyemuua," sauti ilisema nyuma yake.

Aliyesema alikuwa Faith, mjane wa Kombe, muuguzi, bado amevaa sare ya zamu ya usiku.

"Nani?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba si ninyi?"

"Tulidhani hivyo, afande."

Alieleza akiwa amesimama, maana ndani hakutaka kuingia. Tangu wahamie, alfajiri kulikuwa na harufu ya ubani dirishani. Chini ya upenu pamelowa. Na sauti ya mwanamke ikiimba kwa chini, bila maneno. Wakifungua dirisha, hakuna mtu. Siku za karibuni ilinyamaza, Kombe akashangilia kwamba pepo amechoka.

"Yeye hakuogopa?"

"Alicheka. Alisema hajahangaika miaka yote hiyo ili afukuzwe kwake na pepo wa kuimba. Hatimiliki aliikagua. Mipaka aliitembea na mpima ardhi. Wazee wa mtaa aliwauliza mmoja mmoja kama kuna kaburi. Wote walisema hakuna."

"Na choo, kwa nini akichimbe pale?"

"Udongo wa pale ni laini."

Tsofa alirudi hatua moja kutoka ukingoni. Alijikemea kimoyomoyo, akaenda kumtafuta muuzaji.

Mzee Swabir alikutwa barazani kwake, tasbihi mkononi.

"Nyumba ile uliijenga wewe?"

"Mimi, kwa mikono hii."

"Kuna mtu amezikwa pale?"

"Wallahi hakuna. Ningeuzaje kaburi?"

"Uliishi na nani?"

"Na mke wangu, Biasha. Tuliachana zamani."

"Kwa nini?"

Mzee alizisogeza shanga. "Hatukujaaliwa mtoto."

Hakuwa mtu wa kusema uongo, na hilo ndilo lililomkera Tsofa. Alizunguka mtaa mzima na kile kipande cha leso. Imamu alikitazama akatikisa kichwa. Fundi wa mawe, mwenye duka, mzee wa nyumba kumi, wote walitikisa vichwa. Kila mmoja aliapa kwamba kiwanja kile ni safi. Inspekta alizunguka kama mbuzi aliyefungwa kigingini, kesho yake akarudi palepale alipoanzia, kwa Faith.

"Niimbie ule wimbo," alimwomba. "Sauti tu, kama ulivyoisikia."

Faith alifumba macho, akaanza. Taratibu, bila yeye mwenyewe kujua, kiganja chake kikaanza kulipigapiga paja. Kisha akanyamaza ghafla, akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Afande, huu ni wimbo wa kubembeleza mtoto."

"Endelea."

"Kwetu Kinango, mtoto akizaliwa bila kulia, wanaume hawaitwi. Wanawake humzika wenyewe, upenuni, awe karibu na mamake. Hakuna matanga. Hakuna alama." Aliuondoa mkono pajani. "Kombe aliniambia kutafuta nyumba ni kazi ya mwanamume. Mimi nililetwa siku ya kupewa funguo. Ningetangulia, ningekaa na majirani tukanywa chai, na kabla kikombe hakijaisha wangeniambia. Yeye aliwauliza wanaume."

Alipangusa macho, akamtazama Tsofa sawasawa.

"Na wewe pia."

Tsofa aliona haya, akaivaa kofia yake akaondoka.

Biasha, aliyekuwa mke wa Swabir, aliishi ua wa pili, kwa nduguye. Leso yake kuukuu ilikuwa kambani, pembe moja imechanika. Hakuwa ameificha. Mama mwenyewe alikuwa kwenye kigoda, mwembamba, ameshajitanda buibui kama mwenye safari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilikungoja tangu jana."

"Unajua kilichonileta."

"Najua. Keti."

Aliketi. Kwa nyuma konstebo alitoa kalamu.

"Sikwenda kumuua," Biasha alisema. "Nilikuwa na homa, siku kadhaa sikutoka. Nilipopata nguvu nikachukua maji yangu na ubani, kama kila alfajiri. Nikakuta shimo, na yeye ndani yake ameanza kazi kabla ya jua. Nikamwuliza, udongo wa hapa umekwenda wapi?"

"Akasemaje?"

"Alipanda ngazi akanisalimu vizuri tu. Akasema, 'Mama, huo umechukuliwa na watu wa Ukunda, wanajazia msingi wa nyumba.' Nikamwambia nani alikuwamo. Nilimwambia, mwanangu! Sijawahi kumwambia mwanamume yeyote. Akanishika bega kwa huruma, akasema, 'Wazee wote nimewauliza. Pale hapakuwa na mtu.'"

Aliitazama leso kambani.

"Hapakuwa na mtu. Swabir aliniacha kwa maneno hayohayo. Ati tumbo langu halikuwahi kubeba mtu. Nami nilimzaa, nikamwosha, ana kucha, ana nyusi za babake. Nikamsukuma. Akaidaka leso yangu, ikachanika."

"Kisha?"

"Nikayamwaga maji ukingoni. Sikujua mahali pengine pa kuyamwaga."

Konstebo aliacha kuandika. Tsofa alikohoa.

"Mbona hukumwambia mumeo, mama?"

"Hakuuliza. Alirudi safarini, akakuta tumbo limeshuka, akaagiza chakula."

Alisimama mwenyewe, akanyoosha mikono apigwe pingu. Tsofa alimshika kiwiko tu, wakatoka polepole kama mtu na mamake. Penye gari alisita.

"Nimeua mtoto wa mwenzangu, nipeleke. Lakini mtafute wangu. Tangu azaliwe hajapata kulala mahali ambapo hakuna anayemjua."

Mchana huo, akielekezwa na dereva aliyeubeba ule udongo, Tsofa aliendesha gari hadi Ukunda. Nyumba ilikuwa pembezoni, bado haijaezekwa. Sakafu ilikuwa imeshamwagwa, laini, kijivu, ikinukia saruji mbichi. Mume na mke, vijana wa bara, walikuwa wamesimama mlangoni wakibishana mahali pa kuweka kabati.

"Karibu, afande!" kijana alimchangamkia. "Hii ndiyo nyumba yetu ya kwanza. Kuna noma? Ploti iko sawa kabisa, mpaka kwa chifu tulifika, na wazee wa hapa wote tuliongea nao."

Tsofa aliitazama ile sakafu. Angeweza kuwapongeza na kurudi kituoni. Kesi ilikuwa imekwisha, na hakuna mahakama ambayo ingemwuliza udongo ulikwenda wapi. Wangelala hapo, wangezeeka hapo, na alfajiri wasingesikia sauti yoyote.

Alivua kofia, akampita yule mume.

"Ni wewe niliyekuja kuzungumza nawe, dada," alimwambia mke. "Chini ya sakafu yako kuna mtoto. Mamake ameniomba nimtafute."