Makangaga ya Miambani

Asiyejua maana ndiye wa kuambiwa maana. Wegesa aliigeuza hivyo methali ile akiwa amechelewa, ndama wa watu amekwisha kufukiwa.

Mwaka ule wa ukame, watoto wa Butiama wakitoka shule walipanda miambani kuwakatia ndama makangaga, majani pekee yaliyobaki mabichi. Wote waliyaita kangaga tu, basi. Wegesa alijua zaidi. Bibi yake alimfundisha kutazama mgongo wa jani: lenye madoa ya kahawia yaliyojipanga safu ni kangaga-ngazi, halina madhara; lenye ukingo uliokunjika kama pindo la kanga ni kangaga-chungu, linaua polepole.

Jioni moja alimkuta jirani yake, Dorkas, akifunga mzigo wa kangaga-chungu.

"Dorkas, umeyageuza hayo?"

"Kwani wewe bibi shamba? Sisi tunakataga tu, hatupekuagi majani kama tunatafuta chawa!"

Wenzao wakaangua kicheko. Wegesa akavimba. "Asiyejua maana haambiwi maana," akasema, akashika njia. Siku zote zilizofuata aliiona mizigo ile ikipita, akanyamaza.

Mwezi haujaisha, ndama wa Dorkas, jike pekee nyumbani kwao, akaanza kutoka damu puani. Bwana mifugo alifika kwa baiskeli kutoka Bunda, mkoba mtupu. Dawa hazikuwapo wilaya nzima. Alfajiri ndama akafa.

Wegesa alimfuata Dorkas. "Nilijua. Sikukwambia. Nisamehe."

 Dorkas aliendelea kukunja kamba ya ndama, ikawa ndogo, ndogo zaidi.

"Yeye alikucheka," mama yake Wegesa alimwambia, "lakini wewe ulijua ukanyamaza. Mwanangu, ujuzi unaofichwa kwa hasira hauna tofauti na sumu."

Juma lililofuata, Mzee Makongoro alipita na wazee wa rika lake, begani mzigo wa majani ya ndama wake. Wegesa akapiga magoti haraka.

"Shikamoo babu. Usiwape! Hilo ni kangaga-chungu."

Wazee wakamcheka mwenzao. Mzee Makongoro akageuza jani, akaliona pindo. Akautupa mzigo chini, uso umemwiva.

"Sawa, ni sumu. Lakini kunisahihisha mbele ya rika langu! Omba radhi, binti."

Wegesa alimkumbuka Dorkas na kamba yake. Akainuka.

"Hapana, babu. Kwa hili siombi radhi."