Koki Niliyoifunga kwa Mkono Wangu

Jirani yangu mshonaji aliniambia akiwa na pini mdomoni: "Fundi wenu wa bwawa nimemwona dukani anachagua vazi la kuogelea la kike. Saizi kubwa, mwenzangu! Si ya binti yako yule mwembamba kama sindano."

Neno likaning'ang'ania kama kupe. Nikalala nalo, nikaamka nalo.

Binti yangu ni muuguzi. Yeye na fundi huyo walikutana kwenye foleni ya duka la dawa za maji, wote wawili wameshika ndoo moja ya klorini, ya mwisho.

"Unakwenda kuua nini, dada?"

"Vyura. Tangu baba afariki, bwawa letu limekuwa lao."

"Basi chukua ndoo. Ila nami nakuja nayo."

Akaja kweli. Wiki tatu, ndani ya ovaroli ya buluu, alichota tope, akaziba nyufa, akabadilisha mchanga wa chujio. Binti akamwita Klorini, naye akamwita Sista. Simu haziishi.

"Klorini, umekula?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Mwongo mkubwa!"

Nilikuwa nikiwasikia nacheka. Baada ya maneno ya mshonaji, kicheko kikakauka.

Siku ya kuwasha pampu, maji yalianza kuzunguka, safi, mpaka vigae alivyoviweka marehemu mume wangu vikaonekana. Fundi akaniambia, "Mama, koki hii isiguswe. Pampu ikikosa maji, inaungua." Akatoka kufuata kifuniko cha chujio.

Nikaifunga. Nilitaka aonekane hajui kazi, binti amchoke mwenyewe. Haikupita nusu saa, uani pakanuka plastiki iliyoungua.

Aliporudi aliigusa koki. Akaniangalia. Nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

Binti akapiga simu kutoka kazini, fundi akamwambia pampu imeungua; sauti yake ilinifikia, nami nimesimama palepale.

"Pampu ya baba! Uliiachaje peke yake?"

"Kosa langu, Sista. Nisamehe."

"Usiniite Sista. Na usirudi."

Akakusanya vifaa vyake, akaniaga kwa heshima. Juu ya kiti aliacha mfuko. Ndani mlikuwa na vazi la kuogelea jeusi, la mikono mirefu. Nikajipima. Saizi yangu.

Jioni binti aliukuta mapajani mwangu.

"Nilimtuma mimi," akasema. "Daktari alisema ukitembea majini magoti yatapata nafuu. Tulitaka kukushtukiza. Kwani ulidhani bwawa nalifufua kwa ajili ya nani, mama?"

Nikamweleza habari ya koki. Alichukua simu.

"Klorini, mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Mama ni mama. Pampu inatengenezeka."

"Njoo basi. Njoo, tafadhali."

Alikuja. Pampu ikasukwa nyaya upya, na pembeni ya maji yale akamwomba binti wafunge ndoa. Binti alikubali hata kabla hajamaliza kusema. Siku hizi natembea majini kila asubuhi, magoti ni mepesi. Lakini binti akiongea na simu, hufunga mlango kwanza.

Mama mwenzangu, epuka haya:

Kumeza habari bila kumuuliza mwenyewe.

Kumpima mkwe kwa mtego.

Kugusa koki usiyoijua.

Kunyamaza mtu akibeba kosa lako mbele ya macho yako.

Kusema "nitamwomba radhi kesho." Mimi mpaka leo nasema kesho.