Karibu ya Francine

Rafiki yetu Francine, fundi wa magitaa kule Kasha, alitengeneza gitaa la kwaya kwa mbao ya mlango wa zamani uliotoka Kamituga. Papa Isidore aliyemuuzia alimwonya, "Maman, wenye nyumba waliikimbia ile mulango."

"Mimi siogopake mbao."

Alasiri mvua ikatia giza karakana. Francine akalipaka gitaa verni, ile rangi ya kung'arisha mbao, ikakauka, akaligonga kwa kidole. Verni hubana sauti ya mbao. Mbao hii ikazidi kulia. Kwa hasira akapaka nyingine, nzito zaidi. "Tutaona nani atachoka!"

Gitaa likagonga lenyewe. Ko, ko, ko. Kwa mazoea ya mdomo, Francine akaitika, "Karibu!"

Akaligonga tena: sauti butu, kama ya mbao yoyote iliyopakwa sana. Akawasha tochi ya simu. Nyayo ndogo za verni zilitoka mezani, zikaingia chumbani kwake, nyuma ya karakana.

"Nilisema karibu, sikusema lala!" akafoka. Akashika msasa, akazifuata akizisugua moja moja mpaka kitandani. Chandarua alichokifunga juu asubuhi kilikuwa kimeshushwa, kimechomekwa vizuri pande zote, kutoka ndani.